Uzoefu wangu na wakili wa kuhamisha hati Arusha, na zile gharama ambazo dalali hakutajii

Nimenunua nyumba Moshono, yenye hati, na kwenye makaratasi nilimtumia wakili mmoja wa hapa hapa mjini. Jina siweki hapa ila huduma nitaieleza jinsi ilivyo, maana watu wengi wanaulizaga bei ya nyumba halafu wanaishia hapo.

Kabla yake nilipita kwa mwingine, yule akanipa bei moja tu, "lete milioni nne mimi namaliza kila kitu". Ukimuuliza ya nini anasema ya mchakato. Nikaaga. Huyu wa pili alichukua karatasi akanichorea mstari katikati, kushoto za serikali, kulia zake, akasema za serikali hatashika hata senti, kila moja itatoka na kontroo namba yake na nitalipa mwenyewe kwa simu au benki, risiti nabaki nayo. Hapo ndo aliponipata.

Kazi ya kwanza ilikuwa sachi ofisi ya ardhi, kuona kama hati ni ya mzee aliyekuwa ananiuzia kweli na haina mkopo wa benki wala zuio. Ilikuwa safi, ila kodi ya pango la ardhi ilikuwa inadaiwa miaka kadhaa, na bila kuilipa hakuna uhamisho, kwa hiyo mzee akaimaliza kwanza. Kodi ya jengo haikuwa ishu, siku hizi inakatwa kwenye umeme wa LUKU, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida.

Kikafuata cha mthamini. Bei tulikubaliana milioni 70, ripoti ya uthamini ikatoka 78. Nikaona sawa tu, nyumba yangu ina thamani, kumbe kodi nazo zinapigwa kwenye ile kubwa! Ushuru wa stempu ni asilimia 1, kwa hiyo badala ya laki saba ikawa laki saba na themanini. Hiyo ni ya mnunuzi, nililipa.

Patashika ilikuwa kodi ya ongezeko la mtaji, ile ya mamlaka ya mapato, TRA. Kisheria ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida aliyopata. Sasa faida utaijuaje wakati mzee alijenga kidogo kidogo, tofali leo bati mwakani, risiti hana hata moja? Kwa asiye na kumbukumbu za gharama kuna njia ya asilimia 3 ya bei au thamani iliyoidhinishwa, inayochukuliwa ni kubwa, yaani hapo 2,340,000. Upo msamaha kwa nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi miaka 3 au zaidi kama faida haizidi milioni 15, ila na wenyewe unataka uonyeshe hiyo faida, tukarudi pale pale kwenye risiti.

Mzee akakunja mikono. "Mwanangu, mimi nilikwambia sabini mkononi. Hayo ya TRA ni yako." Na dalali pembeni anaitikia, eti ndo utaratibu wa Arusha. Wakili hakubishana nao, alimuuliza tu mzee, "Baba, hii kodi ikitoka itaandikwa jina la nani?" Mzee kimya. Akamweleza taratibu kwamba bila cheti cha TRA ofisi ya ardhi haisajili uhamisho, hati inabaki jina lake na mimi simalizii hela, kwa hiyo tunakaa wote tunaangaliana. Mwisho tukakubaliana milioni 3 za ile bei zibaki hadi kodi ilipwe, chenji inamrudia mzee, na ikaandikwa kwenye mkataba. Hicho kipengele peke yake kinatosha ada niliyomlipa.

Kingine kilichonifurahisha, alikataa kusaini chochote mpaka mke wa mzee aje mwenyewe. Mama alikuja na kitambulisho cha NIDA na picha za pasipoti, akasomewa ridhaa neno kwa neno ndo akaweka dole gumba. Nyumba ya familia haiuzwi bila mwenza kukubali, na kesi za hivyo zimejaa mabarazani.

Sasa madhaifu. Simu hapokei! Kila ukipiga yuko mahakamani, ukienda ofisini unakutana na karani ambaye anajua kusema "subiri wakili". Fomu za uhamisho, ile 29, 30 na 35, zilikaa mezani kwake muda mrefu bila sababu, nikawa naenda kukaa pale benchi hadi aone aibu. Na nauli za kufuatilia alizidai juu ya ada wakati karatasi yake ya mwanzo haikuzitaja, hapo tulivutana na akapunguza.

Nampa nyota nne kati ya tano. Hati imetoka ina jina langu.

Ila kama eneo lako halina hati, ni la kijiji, usihangaike naye. Rafiki yangu ana shamba huko juu ya Ngaramtoni, alimpeleka, akaambiwa wazi hiyo inaanzia halmashauri ya kijiji na mkutano wao, arudi akiwa na muhtasari. Hakumchaji hata mia.