Oili ya Giaboksi 75W-90 ya GL-4: Uzoefu Wangu Baada ya Kilomita 9,000

Gia ya pili ilikuwa ikinigomea kila asubuhi. Mkono wa gia ulifika nusu ya njia ukakwama kana kwamba umegonga ubao, na nilipoulazimisha, meno yalisagana kwa mlio ambao kila abiria aliusikia hata kama hajui lolote kuhusu magari. Baada ya dakika 10 au 15 za mwendo hali ilipungua ukali, lakini haikuisha, na gia ya tatu nayo ilikwisha kuanza kunung'unika. Gari lenyewe ni dogo, linavutwa na magurudumu ya mbele, lina giaboksi ya gia 5, na wakati huo lilikuwa limetembea kilomita 148,000. Oili ninayoitathmini hapa ni ya sintetiki, 75W-90, daraja la GL-4. Chapa yake siitaji kwa makusudi, kwa kuwa ninaamini kwamba kilichonisaidia ni zile herufi na namba zilizoandikwa kwenye kopo, na kopo la kampuni nyingine lenye maandishi hayo hayo lingenifikisha karibu pale pale.

Mshukiwa wangu wa kwanza hakuwa oili bali klachi, na nadhani wengi wangeanzia hapo. Nilifanya jaribio ambalo halihitaji kifaa chochote: injini ikiwa inanguruma taratibu na gari limesimama, nilikanyaga klachi hadi mwisho, nikahesabu sekunde 5, kisha nikaingiza rivasi. Katika magari mengi rivasi haina sinkronaiza, yaani kifaa kinacholinganisha mwendo kabla meno ya gia hayajakutana, hivyo kama klachi haiachi sawasawa, giaboksi huendelea kuzungushwa na injini na meno hulia hata ukisubiri. Yangu iliingia kimya. Klachi ilikuwa nzima, kwa hiyo tatizo lilikuwa ndani ya giaboksi, na fundi mmoja alikwisha kupendekeza ishushwe na kufunguliwa.

Kabla ya kukubali gharama hiyo nilitafuta kopo lililobaki kutoka mara ya mwisho oili ilipobadilishwa, kazi ambayo sikuisimamia mwenyewe. Lilikuwa bado kwenye buti, limefungwa kwa mfuko wa plastiki. Liliandikwa 80W-90, GL-5. Kitabu cha gari, ambacho kwa aibu yangu sikuwa nimekifungua kwenye ukurasa huo hata siku moja, kinataka 75W-90 ya GL-4, lita 1.9.

Tofauti hiyo si ya ubora, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa sababu mtu akiona 4 na 5 hudhani kwamba 5 ndiyo bora zaidi. Madaraja ya GL yaliwekwa na Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, kueleza aina ya mzigo ambao oili imetengenezwa kuubeba. GL-5 ina kemikali nyingi zaidi za salfa na fosforasi, ambazo huweka utando juu ya chuma pale ambapo meno yanateleza na kubanana kwa nguvu kubwa, kama ilivyo kwenye difu ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Humo ndani ya difu ya kawaida hakuna kinachohitaji msuguano. Giaboksi ya kuingiza gia kwa mkono ni nyumba nyingine kabisa. Kila gia ya mbele ina ringi ya sinkronaiza, mara nyingi ya shaba ya manjano, ambayo hubanwa kwenye koni ya gia na kuisugua mpaka mwendo wa pande mbili ulingane, na hapo ndipo meno huruhusiwa kukutana. Ringi hiyo ni breki ndogo. Ukiipaka oili inayoteleza kupita kiasi, hufanya kazi polepole au huteleza tu, na meno hukutana yakiwa na mwendo tofauti. Huo ndio mlio niliokuwa nikiusikia.

Husemwa pia kwamba GL-5 hula shaba. Salfa inayotumika kwenye baadhi ya oili hizo inaweza kweli kushambulia shaba, hasa joto linapokuwa kali, lakini zipo nyingine zilizotengenezwa kwa namna isiyoidhuru, na kwa maoni yangu hoja hii hupewa uzito mkubwa kuliko ile ya msuguano, ambayo dereva huihisi mkononi siku hiyo hiyo. Wala isichukuliwe kwamba GL-5 ni kosa kila mahali. Giaboksi nyingi za Subaru, ambazo zina difu ya mbele ndani ya nyumba moja na gia, hutaka GL-5. Honda wana oili yao ya giaboksi za mkono, MTF. Na zipo giaboksi za mkono zinazotumia ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi.

Kuhusu uzito wa oili nitasema kidogo. Herufi W inahusu baridi: 75W hupimwa ikiwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri na 80W kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo ya kwanza huwa nyepesi zaidi gari linapoamka, na ringi huweza kuikata haraka. Namba 90 isimtishe mtu, kwa kuwa vipimo vya oili ya gia ni tofauti na vya injini. Ikiwa moto, oili ya gia ya 90 haiko mbali na oili ya injini ya 40 au 50.

Kazi nilifanya mwenyewe. Niliendesha gari kwa dakika 20 ili oili ipate joto na kuokota uchafu, kisha nikalipandisha kwa jeki na kuliweka juu ya stendi 4, mbele na nyuma kwa kimo kimoja. Usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Kisha nikafungua kwanza plagi ya kujazia, ile ya ubavuni, kabla ya kugusa ya kumwagia. Mpangilio huu si mapambo: ukimwaga oili yote halafu ukagundua kwamba plagi ya kujazia imeganda kwa kutu, utabaki na gari lisiloweza kwenda popote. Yangu iliganda. Ilinibidi kuchomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana ili kuurefusha, na ilipoachia ililia kama bawaba ya mlango wa zamani.

Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi na yenye harufu ya salfa ambayo haitoki mkononi kwa sabuni ya mara moja. Niliiacha ichuruzike mpaka ikabaki tone moja moja, kisha nikaipima kwenye chupa zilizo na alama: lita 1.6. Yaani zaidi ya oili kutokuwa sahihi, ilikuwa pungufu kwa karibu lita 0.3, na kwa kuwa sikuona alama ya kuvuja popote, ninashuku kwamba aliyeijaza alifanya hivyo gari likiwa limeinuliwa upande mmoja, oili ikaanza kumwagika tunduni mapema naye akadhani imetosha. Plagi ya kumwagia ina sumaku. Ilikuwa imevaa kofia ya tope la kijivu, laini kama masizi yaliyochanganywa na grisi, jambo ambalo ni la kawaida kwa umri huo. Nililifuta tope hilo kwa kitambaa, nikakitazama juani, nikaona pia vimetameta vya rangi ya dhahabu. Hivyo havikunifurahisha, kwa sababu sumaku haivuti shaba. Vilitoka kwenye ringi. Kipande cha jino hakikuwepo hata kimoja, na laiti kingekuwepo ningeacha hapo na kumwita fundi.

Nilibadilisha washa za plagi zote mbili, nikafunga ya chini, kisha nikajaza kwa pampu ndogo ya mkono yenye mpira mpaka oili ikafika ukingo wa chini wa tundu na kuanza kutiririka kama uzi. Iliingia lita 1.9 kasoro kidogo, nami nikafunga ya juu. Plagi hizi hazihitaji nguvu za kupasua mishipa, kwa kuwa nyumba ya giaboksi ni ya aluminiamu na nyuzi zake huchanika upesi.

Matokeo hayakuja papo hapo. Siku ya kwanza tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilihofu kuwa ninajidanganya. Kufikia kama kilomita 200, gia ya pili ilianza kuingia asubuhi bila kugonga, na baada ya wiki mbili niliacha ile tabia ya kusubiri kidogo katikati ya njia kabla ya kusukuma. Gia ya tatu imepona kabisa. Ya pili bado hulia nikiishusha kwa haraka kutoka ya tatu nikiwa na mwendo mkubwa, na sitarajii ibadilike, kwani oili hairudishi shaba iliyokwisha kulika.

Malalamiko ninayo mawili. Kwanza, 75W-90 imeandikwa mbele ya kopo kwa herufi kubwa kama za bango, ilhali GL-4 imefichwa nyuma, katika mstari mdogo uliozungukwa na idhini za watengenezaji. Mtu mwenye haraka anaweza kuchukua kopo la jirani lenye rangi hiyo hiyo na kuondoka na GL-5. Pili, mdomo wa kopo haufiki popote penye maana chini ya gari, kwa hiyo anayenunua bila pampu atamwaga nusu yake sakafuni. Aidha, gari likisimama likiwa na moto, gia ikiwa huru na klachi haijakanyagwa, kuna kamlio ka kugongana kwa mbali ambako oili ya zamani ilikafunika. Hupotea nikikanyaga klachi. Nimekazoea.

Kitabu changu kinasema ibadilishwe kila kilomita 80,000. Kwa sababu ya mabaki ya ile ya zamani na vile vimetameta vya dhahabu, mimi nitaimwaga hii ikifika kilomita 20,000, niiangalie tena sumaku na kitambaa, kisha nirudishe oili hiyo hiyo.