Hizi fimbo ni za nani? Siku niliyocheza gofu Nairobi

Nyota moja. Ndiyo ninayoipa klabu ya gofu niliyochezea Nairobi. Naanza na hukumu kabisa, kwa sababu najijua: nikianza kusimulia nitalegea, na hili sitaki nililegeze.

Mimi ni mtu wa Malindi. Gofu nimeijua kwa bega kabla ya kuijua kwa mkono. Tangu niko shule ya msingi nilikuwa kedi, nabebea wageni mikoba ya fimbo, wengi wao Wataliano, na ndiyo maana mpaka leo nahesabu kwa Kitaliano vizuri kuliko kwa Kiingereza. Mmoja wao, mzee wa watu, alipouza nyumba arudi kwao aliniachia fimbo saba. Mbili nikajinunulia polepole. Tisa. Sheria ya mchezo inakuruhusu kubeba 14, lakini hakuna palipoandikwa kwamba ukiwa na tisa wewe ni mwizi.

Kwenye baridi ya mwaka huu, Juni au Julai, nakumbuka tu nilivaa sweta mbili, nilikuwa Nairobi kwa harusi ya binamu. Nikasema leo nitimize hamu yangu ya miaka. Mji ule na viunga vyake una viwanja zaidi ya kumi. Royal upo tangu 1906, Railway tangu 1922, Karen wanachezea ardhi iliyokuwa shamba la kahawa, Muthaiga ndiko mashindano ya Kenya Open yalikoanzia 1967, na ukipanda Limuru unapiga mpira huku chai imekuzunguka. Mimi nilikwenda kwenye klabu moja tu, na jina lake silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua.

Nilipiga simu kwanza. Dada mwenye sauti ya asali akaniambia nitume ada ya mgeni kwa M-Pesa, nikatuma. Pesa ile hapa kwetu unalipa chumba mwezi mzima na ya unga inabaki. Sikunung'unika. Asubuhi nikapanda bodaboda, mkoba begani. Askari wa langoni (huyu namtoa kwenye kesi) alinisalimia vizuri, akaniuliza natoka wapi, akataka kujua kama Malindi mvua imenyesha.

Kisha nikafika kaunta.

Alikuwepo bwana mmoja na daftari mbele yake, mkononi kalamu ya kubonyeza. Tik, tik, tik.

"Kaka, habari za asubuhi."

Tik. "Makedi ni nyuma."

Nikadhani hakunisikia. "Nimesema habari za asubuhi."

Hapo akainua macho, lakini hayakunifika usoni. Yaliishia kwenye mkoba. "Hizi fimbo ni za nani?"

Jamani. Kwetu hata anayekuja kudai deni hupiga hodi, akauliza u hali gani, watoto hawajambo, na ile homa ya juzi imeachia, ndipo akatoa la kumleta. Huyu mtu nilimpa salamu mara mbili akazipokea kama risiti, akaziweka kando.

Nikamwonyesha ujumbe wa M-Pesa. Akausoma kama hati ya kiwanja chenye kesi. Akataka kitambulisho, akalinganisha jina herufi kwa herufi. Halafu akanyoosha mkono, mkono wake, kwenye mkoba wangu, akazihesabu fimbo moja moja kwa ncha ya kalamu.

"Tisa tu?"

Nikapasuka. "Mimi si kedi! Nimelipa! Nani amekwambia mimi ni kedi?" Sauti ikatoka hadi nje, kwenye benchi chini ya mti walikokaa makedi wakingoja kazi. Kama kumi na tano hivi. Wakageuka wote.

Nilipangiwa mmoja wa hao, mzee mwenye mvi na koti la mvua lililokatwa mikono. Nikamwamkia, akaitikia, akachukua mkoba. Mashimo matatu hatukuzungumza ila namba za fimbo.

Sasa niseme kweli kuhusu uwanja, kwa sababu kumnyima mtu haki yake si vizuri hata ukiwa na hasira. Uwanja ni mzuri mno. Nyasi zao, zile zinazoitwa za Kikuyu, ni nene na zimefumana, mpira unakaa juu yake kama mtungi juu ya kata. Sisi tumezoea mchanga na majani makavu, na kunguru wanaoondoka na mpira mdomoni wakidhani ni yai. Kule hata kunguru wana adabu.

Nilichosahau ni hewa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira haupati cha kuuzuia. Shimo la nne nilitoa fimbo namba saba, nikaipiga kama ninavyoipiga nyumbani kusi likivuma usoni, yaani kwa nguvu na dua. Mpira ukapita juu ya grini, ile nyasi fupi yenye shimo, ukapita banka, shimo la mchanga, la nyuma, ukaingia kijitoni. Mzee akaufuata kwa macho mpaka ulipozama.

"Hapa punguza fimbo moja, mwanangu. Upepo wa kwenu umeuacha kwenu."

Nikapunguza, nikashika fimbo fupi zaidi. Shimo la tano nilipata paa, yaani mapigo yale yale shimo linayotaka. La saba, bardi, pigo moja pungufu ya paa, wallahi, mpira ulitembea grini nzima taratibu kama mtu anayekwenda kuchota maji, ukaanguka shimoni. Pale moyoni nilikuwa nimeshawapa nyota nne.

Tulipokuwa tunangoja wa mbele wasogee, mzee akasema, bila kunitazama, "Uliposema wewe si kedi, nilikuangalia mkono."

"Mkono gani?"

"Ulipoutoa mkoba begani ulizifunika fimbo vichwa, zisigongane. Mwenye pesa yake hafanyi hivyo. Hajawahi kukaripiwa kwa kelele za fimbo."

Sikuwa na la kusema. Ni kweli, mkono wangu wa kushoto hufanya hivyo wenyewe. Nilifundishwa kwa kofi nikiwa na miaka kumi na miwili. Na mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu kumi na tano nikapiga kelele kwamba si kedi, kama mtu aliyeitwa mchawi. Kile kibwana cha kaunta hakunitukana kwa kuniita kedi. Kedi ni kazi, mama yangu alinunuliwa sufuria kwa kazi hiyo. Tusi nimelitia mimi kwa sauti yangu, na walilisikia wao. Basi nikampunguzia mashtaka. Kosa lake likabaki salamu tu.

Na salamu nayo, labda alikuwa amechoka. Labda. Nikamuuliza mzee analipwa ngapi kwa mzunguko mmoja, akanitajia. Ni chini ya bei ya shati moja la duka lao. Hasira ikarudi, ila sasa sikujua niielekeze kwa nani.

Wenzangu wa kahawani hapa Malindi wananicheka: uliendea nini Nairobi? Vipingo iko hapo ukishapita Kilifi, uwanja wa maana, 2019 wanawake wa Ulaya walishindania hapo na Esther Henseleit wa Ujerumani akaondoka na kombe. Ukitaka bahari, klabu ya Mombasa ipo tangu 1911, unapiga mpira huku meli inakatiza kuingia Kilindini. Wana haki. Lakini mtu aliyekulia kwenye gofu ana hamu ya kuona Nairobi, hata akaonewe.

Tulipomaliza sikurudi kaunta. Nilimfuata mzee mlango wa nyuma, kule kule nilikoambiwa niende asubuhi. Kuna mama anauza chai ya rangi na mandazi kwenye ndoo. Nikakaa benchini na makedi, nikaomba radhi kwa yale maneno. Mmoja akasema, "Tumesahau, wewe lipa chai." Nikalipa chai ya wote. Tukaanza kuhadithiana vituko vya wachezaji, wa kwao na wa kwetu, na mimi nina vya Wataliano visivyoisha.

Mara akatokea yule bwana wa kaunta, kikombe mkononi, kalamu mfukoni. Akanikuta nimebanana nao, mkono juu ya vichwa vya fimbo.

"Si nilikuambia makedi ni nyuma?"

Watu walicheka mpaka mama wa chai akashika ndoo. Mimi pia nilicheka, tena sana, na yeye akacheka, akamaliza chai yake akarudi kazini. Nikaona huyu mtu hana ubaya.

Basi la kunirudisha Malindi lilikuwa limefika Mtito Andei, usiku wa manane, ndipo nikakumbuka kwamba hata pale kwenye chai hakunisalimia.

Nyota moja.