Baiskeli ya kukodi, Nizwa mpaka Sur: fremu ya safari, matairi ya mjini

Nyota tatu. Zingekuwa nne, moja imeondoka na tyubu ya akiba, na habari yake nitaifikia.

Duka liko Maskati, mji mkuu wa Oman. Jina nalihifadhi, kwa sababu kijana wa kaunta ana adabu na sidhani kosa ni lake. Rial 8 kwa siku, nimechukua siku sita, 48, juu yake amana ya rial 60 ya kurudishiwa. Ukitoa hizo unapewa baiskeli ya fremu ya chuma, gia 24, breki za diski, karia la nyuma, vishikio viwili vya chupa, pampu ndogo na kifuko cha vifaa chini ya kiti. Na ahadi: "Ukikwama piga simu, tunakufuata popote."

Nilitaka njia ya mashamba, si ile ya pwani. Rafiki yangu alinishusha Nizwa na pikapu Jumatano alfajiri, nikashika Izki, Sinaw, Mudhaibi, Ibra, Bidiya, Al Kamil, nikaibukia Sur. Zaidi ya kilomita 300. Ilikuwa Januari, na nasema wazi: mwezi wa sita usijaribu, hata ukipewa baiskeli bure.

Siku ya kwanza sina la kulalamika. Kijana alinipima urefu wa mguu kabla ya kukaza kiti, akanishusha usukani kidogo, na hadi Sur mgongo haukuniuma. Asubuhi ile nilikata vichochoro vya mashamba badala ya barabara kuu. Nizwa kuna falaji ya Daris, Birkat al Mouz kuna Al-Khatmeen, Izki kuna Al-Malki, tatu kati ya zile tano za Oman zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Falaji ni mfereji tu, ukiutazama haraka. Lakini maji yake yanagawiwa kwa saa: shamba hili nusu saa, lile saa nzima, kisha yanazibwa huku kwa tambara na jiwe, yanafunguliwa kule. Juu mitende, chini yake ndimu, chini ya ndimu majani ya mbuzi. Hatua tano nje ya mtende wa mwisho ni kokoto na jua. Kwenye vijia hivyo, upana wa punda mmoja, baiskeli ilipita kwa utulivu na breki zilishika vizuri hata kwenye tope.

Sinaw nililala hoi. Alhamisi ni siku ya soko, nikapoteza asubuhi nzima kutazama ngamia wakipakiwa kwenye pikapu. Ngamia mmoja alilia kama mlango mbovu, wenye mali wakaendelea kubishana bei. Sijutii, ila nilitoka saa sita mchana.

Pancha ya kwanza ilinipata njiani kuelekea Mudhaibi. Mwiba wa mgunga, mrefu kama sindano ya kushonea magunia, umeingia tairi la nyuma ukatokea upande wa pili. Nikatoa tyubu ya akiba. Mdomo wa valvu yake ni mnene, kama wa gari. Tundu la rimu ni la valvu nyembamba. Haiingii! Nimegeuza, nimesukuma, nimemtaja Mungu, haiingii. Kwenye kifuko mlikuwa na viraka sita na kichupa cha solusheni kilichokauka hadi kuwa jiwe.

Nikapiga simu ile ya "popote". Ikalia mpaka ikakata. Jioni nikapiga tena, na Ijumaa asubuhi. Jumamosi ndipo waliponijibu kwa ujumbe: samahani, mwisho wa wiki tunafunga. Sasa nani anakodi baiskeli ya safari siku za kazi?

Aliyeniokoa ni mfanyakazi wa shambani, Mbangali, naye juu ya baiskeli yake nyeusi ya kizamani, fungu la majani limefungwa kwenye karia. Hawa ndio waendesha baiskeli wa kweli wa nchi ile. Alitazama matairi yangu, akayabonyeza kwa kidole gumba, akacheka. Kiarabu chake cha kuokoteza na changu vilitosha. Tulikwenda mpaka kwenye birika la pampu ya shamba, akazamisha tyubu, mapovu yakaonyesha matundu mawili. Akakwangua kwa kipande cha msasa, akapaka solusheni yake mwenyewe, akakata kiraka kutoka tyubu kuukuu, akakikandamiza kwa jiwe. Fundi wa Darajani, Unguja, asingemshinda. Pesa akakataa. Biskuti akachukua, akanipa na mpira mrefu uliokatwa kwenye tyubu, maana boliti moja ya karia ilishaanguka huko nyuma na mkoba wangu ulikuwa unayumba. Huo mpira ndio ulioshika karia hadi Sur. Nimekulia Pemba, mzigo wa baiskeli hufungwa kwa mpira, na duka la rial 8 kwa siku linipe mkanda wa plastiki wa kubana uliokatika siku ya pili!

Ibra niliingia Ijumaa usiku. Asubuhi, kwenye mkahawa wa Wamalayali, Wahindi wa Kerala, chapati na chai ya maziwa yenye hiliki, nilikuwa nasoma ule ujumbe wa "samahani" na nikasema neno moja la Kiswahili ambalo siliandiki hapa. Meza ya nyuma sauti ikaniuliza, "We kijana, unamtukana nani asubuhi hii?"

Nikageuka, mzee wa kanzu na kofia, ndevu nyeupe. "Shikamoo, babu. Nisamehe."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

Aliondoka Unguja baada ya 1964, akafika Oman baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita watu warudi. Hilo si jambo la ajabu pale. Majumba makubwa yanayobomoka kule Al Minzafah, mtaa wa kale wa Ibra, yalijengwa wakati mali ilikuwa ikitoka upande wetu. Aliuliza bei ya baiskeli. Nikamwambia.

"Rial 48! Sisi Unguja tukipanda baiskeli kwa kukosa gari. Wewe una gari, umelipa upande baiskeli?"

Akanilipia chai.

Kutoka Ibra mpaka Bidiya ni lami nzuri, ukitaka kupumzika pita Al Mudhaireb. Bidiya mchanga huvamia barabara, na hapo gia zilianza kusaga meno: cheni ilikuwa imepakwa mafuta mazito, mchanga ukaganda. Niliifuta kwa soksi. Al Kamil kuna miti ya ghafu, kivuli cha kulala, na kuna pia ule mti ambao Wakenya wanauita mathenge. Miiba yake ilinipa pancha mbili kwa saa moja. Maji hayakuwa shida hata siku moja, misikiti mingi ina majokofu ya maji ya kunywa nje, bure. Vile vishikio viwili vya chupa vilitosha kabisa.

Kwa hiyo, kodi au usikodi? Kwa fremu, kiti, breki na bei, kodi. Lakini kabla hujatia saini, ingiza tyubu ya akiba kwenye rimu mbele ya macho yao. Binya solusheni uone kama inatoka. Omba matairi mazito yenye mkanda wa kuzuia miiba. Wanayo, niliyaona yakining'inia ukutani, hawayatoi mpaka uulize. Kaza boliti za karia kwa mkono wako. Ile simu ihesabu kama haipo.

Siku ya kurudisha, kijana alizunguka baiskeli na tochi, akaandika mkwaruzo mmoja, akakata rial 5 kwenye amana. Boliti hakuitaja. Kisha akachukua mkasi, akaukata ule mpira wa Mbangali kwenye karia, akautupa kwenye pipa.

Nikauokota.