Masomo ya Kibikol mtandaoni: mwalimu wa Naga au wa Sorsogon?

Haya jamani, mlioniuliza kuhusu haya masomo ya vidio, rivyu yenyewe ndo hii, ndefu kidogo mnivumilie.

Mie niko Doha, jiko la hoteli, na Gulf mnaijua, jiko bila Wafilipino halipo, ila sisi kwetu zamu yetu karibu wote wanatoka kona moja, mkoa wa Bicol kule kusini mwa Luzon, wengine Sorsogon wengine kisiwa cha Masbate. Kitagalog cha kuombea chumvi na kisu nilishaokota zamani. Mie nilitaka kile chao wenyewe, kile wanachosengenyana nacho wakati wa kuosha masufuria.

Basi kuna jukwaa la walimu (silitaji jina), ukiandika Bikol wanakuja walimu kibao, na ukiwaangalia vizuri wengi ni wa Naga au Legazpi, ile miji mikubwa ya Bicol. Nikaanza na dada mmoja wa Naga. Kusema haki huyu mwalimu ni fundi, somo limepangwa, sauti anakurekodia, hachelewi hata dakika, na bei yake ni ya kawaida tu. Ile siku ya maneno ya hasira ndo iliniua kabisa, maana Wabikol wana maneno ya pembeni kwa ajili ya mtu aliyekasirika, si matusi, ni kwamba kitu kilekile kinabadilika jina, paka ni ikos lakini akikuibia samaki anakuwa kurasmag. Mwanaisimu Jason Lobel ameiandikia makala kabisa hiyo kitu. Kwa somo lile peke yake pesa yangu ilirudi.

Sasa malalamiko yangu yako kwenye tangazo lake, limeandikwa ni "lugha ya mkoa wote wa Bicol". Hapana bana. Mkoa wote kiserikali sawa, Masbate na Sorsogon zote zimo humo, lakini kiulimi ni mambo mengine. Chukua Sorsogon City peke yake, huo mji umetokana na miji miwili iliyounganishwa mwaka 2000, Bacon na Sorsogon, upande wa Bacon wanaongea Kibikol cha kama Legazpi, upande wa pili wanaongea kitu wanachokiita wenyewe Bisakol, yaani Bisaya na Bikol ndani ya chungu kimoja. Ukishuka kusini Gubat huko, inazidi kuelekea Kiwaray cha kisiwa cha Samar, na wala si ajabu, ukifika Matnog barabara imeisha, unapanda feri unavuka mlango wa bahari wa San Bernardino unashukia Allen, ambayo ni Samar tayari. Masbate ndo kabisa, wana Kimasbate chao, halafu kusini kule Placer, Esperanza, Pio V. Corpus wanaongea Kisebuano kwa sababu Cebu iko jirani, na magharibi kule Balud ni Kihiligaynon. Mwanaisimu Zorc alipozipanga hizi lugha mwaka 1977, Kimasbate na hivi vya Sorsogon aliviweka kwenye ukoo wa Kibisaya pamoja na Kiwaray na Kihiligaynon, si wa Kibikol. Na si watu wachache, sensa ya 2020 Masbate ilikuwa na watu zaidi ya laki 9 na Sorsogon zaidi ya laki 8.

Nilipomuuliza mwalimu akanijibu "watakuelewa tu". Ni kweli wananielewa, tena vizuri, shida ni mie kuwaelewa wao! Nikisema dai kukataa kitu, yule kaka wa Masbate anacheka ananijibu dili, halafu wanaendelea na stori yao mie nimebaki pale na sufuria langu. Ni kama umfundishe mzungu Kiswahili umwambie haya nenda kaongee na wazee wa Kaloleni, watamuelewa wote, lakini wakigeukiana wao kwa wao ni Kigiriama na yeye hayumo.

Huyu wa pili ni kaka wa Sorsogon, ule upande wa mjini, mamake wa Bulan, mji mwingine wa Sorsogon. Huyu bana ni vurugu. Anachelewa, intaneti inakatika, jogoo wanawika nyuma yake utadhani wamelipiwa, na kitabu hana, anaandika kwa mkono anapiga picha anakutumia. Kwenye kitabu simlaumu. Shule za Ufilipino zilipoambiwa zifundishe watoto wadogo kwa lugha za nyumbani, orodha ya wizara ilifika lugha 19, Kibikol kimo, Kiwaray, Kisebuano na Kihiligaynon vimo, Kimasbate na Bisakol hola. Na mwaka 2024 ikapita sheria ya kuondoa hata huo ulazima. Ndo maana wa Naga anakuja na vitabu na huyu anakuja na karatasi.

Lakini swali lake la kwanza kabla hata ya salamu kuisha lilikuwa, hao wenzako ni wa mji gani? Nikamtajia, na kuanzia hapo kila sentensi ananipa kwa mafungu, Gubat watasema hivi, Bulan hivi, na Bulan angalia inafanana na Masbate maana katikati ni kisiwa cha Ticao tu na watu wanavuka kila siku. Anachaji zaidi kidogo na mie nalipa bila kununa, sai kwenye masufuria nacheka pamoja nao badala ya kuchekwa.

Kwa hivyo wa Naga nampa nyota 3, na zingekuwa 5 kama tangazo lingesema Kibikol cha Naga, kwa mtu mwenye wakwe Naga au Legazpi huyo ndo mwalimu wake, asitafute mwingine. Wa Sorsogon nyota 4, moja nimeitoa kwa ajili ya wale jogoo. Wa Masbate mwenyewe bado namtafuta, mwenye kumjua anitumie inboksi, ila asiwe wa Esperanza tafadhali, Kisebuano walimu wake wamejaa tele.