Kuhamia kijiji kizuri cha Uingereza: uliza nyumba inapashwa joto na kitu gani, maua baadaye

Kila baridi inapoanza, barua ninazopokea hufanana. Nyingi hutoka kwa wauguzi na walezi wa wazee waliopata kazi mbali na miji mikubwa. Wamepata nyumba ya mawe yenye waridi mlangoni, kijiji kina kanisa la karne na karne, kijito kinapita na bata wake, na kodi ya pango wanaimudu. Novemba inaingia, radieta zinapoa, wanazunguka nyuma ya nyumba kutafuta sababu na kulikuta tangi la plastiki la kijani. Ndani ya tangi hilo kulikuwa na mafuta ya taa, nayo yamekwisha.

Ndiyo, mafuta ya taa, ndugu yangu, ya jamii ile ile tuliyopimiwa dukani kwa chupa. Zaidi ya kaya milioni moja katika Ufalme huu zinapashwa joto kwa mafuta hayo hadi leo, hasa vijijini ambako bomba la gesi halikufika. Nyumba inaweza kuuzwa kwa nusu milioni ya pauni na bado boila yake ikategemea lori la mafuta kukata kona kwenye kichochoro.

Kwa hiyo mwongozo huu unapanga miji na vijiji kwa kigezo ambacho sijaona mtu mwingine akikipa uzito unaostahili: joto linatoka wapi, na nani anadhibiti bei yake. Shule, usalama na kasi ya intaneti vimeshaandikwa vya kutosha, sitavigusa.

Nieleze kwa nini nalishikilia jambo hili. Tangu Januari 2019 kuna ukomo wa bei unaowekwa na Ofgem, mamlaka inayosimamia nishati. Ukomo huo unahusu gesi ya bomba na umeme peke yake. Mafuta ya taa hayamo, na gesi ya tangi haimo. Machi 2022, Urusi ilipokwisha kuivamia Ukraine, lita ya mafuta iliyokuwa chini ya peni 70 ilivuka pauni 1 katika wiki chache, na hakukuwa na chombo chochote cha kumwambia muuzaji asimame hapo. Serikali ilitoa msaada wa pauni 200 kwa kaya hizi, ukafika mapema 2023, baridi ikiwa imeshakula watu.

Tena hayauzwi kidogo kidogo. Wasambazaji wengi hawaleti chini ya lita 500 kwa safari moja. Piga hesabu ya wakati ule: zaidi ya pauni 500, kwa mkupuo, kabla hujawasha hata radieta moja. Mwenye gesi ya bomba hutumia kwanza akalipa kwa mwezi. Mtu anayeishi kwa mshahara wa zamu, na kuna wazazi nyumbani wanasubiri chochote mwisho wa mwezi, hana pauni 500 za kumwaga kwenye tangi siku ya Jumanne.

Tangi likikauka kabisa kuna gharama nyingine. Uchafu wa chini huvutwa kwenye mirija, hewa inaingia, na boila haiwaki tena hata ukijaza mafuta. Inabidi aje fundi wa boila za mafuta, aliyesajiliwa na OFTEC, shirika la mafundi wa mafuta, kwa sababu kazi hii si ya fundi wa gesi mwenye kadi ya Gas Safe pekee. Kama barabara ya kijijini ni nyembamba, lori la kawaida halipiti, linatakiwa dogo, na si kila msambazaji analo. Ukikodi nyumba ya mafuta, maswali matatu yanatosha kumfanya mwenye nyumba akae sawa kitini: lori la ukubwa gani linafika, tangi lina ukuta mmoja au miwili, na bima inagusa mafuta yakivuja ardhini.

Sasa ongeza uzuri wenyewe. Nyumba zile zinazopigwa picha mara nyingi zimeorodheshwa kisheria kuwa urithi, nyingi zikiwa Daraja la Pili. Sheria ya 1990 inamkataza mwenye nyumba kubadilisha chochote kinachogusa sura yake bila kibali cha halmashauri, na kufanya hivyo ni kosa la jinai. Dirisha la kioo kimoja la miaka 200 linabaki na kioo kimoja. Ukuta wa mawe hauna tabaka la kuzuia baridi. Mafuta uliyoyalipia kwa mkupuo yanapita dirishani, na wewe unabaki unafuta maji kwenye kioo kila asubuhi na kusugua kuvu nyuma ya kabati la mtoto. Serikali inatoa ruzuku ya pauni 7,500 kwa wanaoondoa boila na kuweka pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, ila ni ya mwenye nyumba, hivyo mpangaji hawezi kuiomba, na kwenye nyumba ya urithi hata kile chombo cha nje kinaweza kuhitaji kibali.

Haya yote yanaweza kujulikana kabla ya kupanda treni kwenda kuangalia nyumba. Kila nyumba inayouzwa au kukodishwa inatakiwa, isipokuwa chache, kuwa na cheti cha matumizi ya nishati, EPC, chenye daraja kuanzia A hadi G. Rejista yake iko wazi kwenye tovuti ya serikali. Unaandika anwani au namba ya posta, hulipi kitu. Usiishie kwenye herufi ile ya rangi. Shuka chini kwenye jedwali usome mstari wa chanzo kikuu cha joto: utaona kama ni gesi ya bomba, mafuta, umeme au gesi ya tangi. Soma na mstari wa madirisha, na wa kuta. Nyumba ya kukodisha kwa kawaida haitakiwi kuwa chini ya daraja E. Baadhi ya nyumba za urithi hazina cheti kabisa. Ukikuta hivyo, omba bili za mwaka mzima uliopita, na asipotoa, achana nayo.

Madalali

Hapa nina donge. Dalali wa nyumba nchini Uingereza analipwa na muuzaji au mwenye nyumba, kwa hiyo mpangaji asitegemee aambiwe. Picha zimepigwa Juni, jua limewaka, mlango uko wazi. Maelezo yanataja boriti za mwaloni, meko na bustani, na neno moja kuhusu mafuta limekaa chini kabisa, baada ya vipimo vya choo. Msomaji mmoja aliuliza moja kwa moja nyumba inapashwaje joto, akajibiwa kwamba sebuleni kuna jiko la kuni zuri sana. Jiko la kuni linapasha chumba kimoja! Na kuni zenyewe zinunuliwe zikiwa kavu. Makaa ya mawe ya kawaida ya majumbani yamepigwa marufuku kuuzwa tangu Mei 2023, kwa hiyo usidanganywe kwamba utajazia na hayo.

Bei ndiyo inaniumiza zaidi. Mtu anaombwa kodi ya juu kwa sababu ya mandhari, kisha mandhari hayo hayo yanamzuia kubadilisha dirisha. Gharama hiyo ya pili haitajwi popote kwenye tangazo, wakati dalali anaijua vizuri kwa sababu ameshasikia kilio cha mpangaji aliyehama. Na akikutaka ulipe ada ya kuonyeshwa nyumba au ya kuandika mkataba, kataa. Tangu 1 Juni 2019 ada hizo ni haramu kwa mpangaji, na dhamana haizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka haifiki pauni 50,000.

Namba moja: Ludlow, Shropshire

Naupenda mji huu na sitajifanya sina upande. Uko juu ya mto Teme, karibu na mpaka wa Wales, na ngome yake ilianzishwa na Wanormani mwishoni mwa karne ya 11. Humo ndimo alimofia Arthur, mrithi wa kiti cha ufalme na kaka wa Henry wa Nane, mwaka 1502, na historia ya nchi nzima ikageuka. Broad Street inashuka kutoka katikati ya mji hadi kwenye lango la zamani, nyumba za mbao za kale upande huu, za matofali za karne ya 18 upande ule, na ukiipita jioni unaelewa kwa nini watu huja kutoka mbali kuiona.

Ila naupa nafasi ya kwanza kwa sababu ni mji kamili. Una gesi ya bomba. Una stesheni, na treni za Hereford na Shrewsbury zinachukua kama nusu saa, hivyo muuguzi anaweza kufanya kazi hospitali ya mojawapo na akalala hapa. Soko la Castle Square linafanya kazi siku kadhaa za wiki, na mji unajulikana kwa chakula, tamasha lake la vyakula likiwa limeanza 1995. Utapata mchinjaji wa kweli atakayekukatia mbuzi au kongoro ukimwagiza mapema.

Ushauri wangu: usikodi Broad Street. Tafuta nyumba ya kawaida iliyojengwa baada ya vita, dakika kumi au kumi na tano kwa miguu kutoka sokoni. Ina kuta zenye nafasi ya kuwekewa kinga ya baridi, vioo viwili, boila ya gesi, na ngome unaiona bure. Ubaya wa Ludlow ni kwamba hakuna treni ya moja kwa moja kwenda London, na mwenye ndugu London atalalamika.

Namba mbili: Knaresborough, North Yorkshire

Daraja la reli la 1851 linavuka mto Nidd juu ya mashua na nyumba zilizobanana kwenye genge, na picha yake umeshaiona hata kama hujui jina. Treni inakwenda York, Harrogate na Leeds, gesi ya bomba ipo, soko ni Jumatano. Jihadhari na nyumba za chini kando ya mto kwa sababu ya unyevunyevu, na ngazi za kupanda mjini zitamchosha mwenye mtoto kwenye kigari.

Namba tatu: Swaffham Prior, Cambridgeshire

Hiki ni kijiji hasa, na kimeingia kwa sababu moja. Nyumba zake nyingi zilikuwa za mafuta. Wanakijiji wakachoka, wakasukumana na halmashauri ya kaunti, na ukajengwa mtandao mmoja wa joto: zaidi ya visima 100 vimechimbwa ardhini, pampu kubwa zinavuta joto la chini, na maji ya moto yanapita kwenye mabomba hadi kwenye radieta zile zile za zamani. Nyumba za kwanza ziliunganishwa 2022. Kijiji kina makanisa mawili ndani ya uwanja mmoja na vinu vya upepo, na Cambridge ni karibu. Si kila nyumba imeunganishwa, kwa hiyo uliza nyumba husika. Stesheni hakuna, na nyumba hazitoki mara kwa mara. Nataka sana vijiji vingine viige hili, maana limeonyesha kwamba tangi la kijani si majaliwa.

Namba nne: Bradford on Avon, Wiltshire

Mawe ya rangi ya asali, nyumba za wafumaji zimepangana kwenye kilima, treni ya Bath ni robo saa hivi. Gesi ipo. Bei ni kubwa mno, na sehemu ya chini karibu na daraja hufurika mto ukipanda. Mwenye kipato cha familia mbili aangalie, wengine wapite siku ya mapumziko.

Vya bei nafuu

Louth ya Lincolnshire ina mnara wa kanisa mrefu na soko zuri, lakini treni iliondoka 1970. Alston ya Cumbria iko karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari, na theluji yake si ya mchezo. Kodi ni ndogo kote kuwili, gari ni lazima.

Vya kutembelea tu

Bibury, pamoja na safu yake ya Arlington Row, ni mahali pazuri kupita kiasi, na mabasi ya watalii yanajua hilo. Watu wanasimama mbele ya dirisha lako na simu. Lacock karibu yote ni mali ya National Trust tangu 1944, unakuwa mpangaji wa shirika la urithi na nyumba ni za kale kwelikweli. Clovelly ya Devon haina gari mtaani na mizigo huburutwa kwa sleji kwenye mawe ya mteremko. Nenda na watoto, mle samaki, mrudi.

Kama umeshasaini mkataba wa nyumba ya mafuta

Piga picha kipimo cha tangi siku ya kukabidhiwa funguo, iwe na tarehe, kwa sababu mikataba mingi inakutaka uache kiasi ulichokikuta. Ulizia kijijini kama kuna kikundi cha kununua mafuta pamoja. Vipo vingi, kanisani au kwenye ukumbi wa kijiji watakuelekeza, na agizo la nyumba nyingi kwa siku moja hupata bei ya chini. Agiza Julai au Agosti, wakati wengine hawafikirii baridi, na usiache tangi lishuke chini ya robo. Lipatie kufuli, maana mafuta huibwa usiku. Na mwandikie mwenye nyumba sasa hivi, kwa barua pepe, umtake akuonyeshe hati ya mwisho ya huduma ya boila.