Springla za kujiendesha: zinafungua vizuri, kufunga ndiyo shida

Nani aliwaambia mafundi wa Tabora kwamba kitu kikiwa na kioo chenye namba basi kila hitilafu ni ya kompyuta?

Mfumo wangu ni mdogo: springla nne (vichwa vya kunyunyizia bustani) kwenye laini moja, valvu ya umeme inayofungua na kufunga maji, kontrola ukutani (kile kioo chenye namba kinachoiamuru valvu), tenki la lita 2,000 na pampu. Kontrola iliambiwa saa 11 alfajiri, dakika 10, basi. Siku moja katikati ya kiangazi hiki, wakati hata maji ya kuoshea vyombo yanahesabiwa, springla hazikuzima. Kila moja inatoa kama lita 10 kwa dakika. Piga hesabu: dakika 50, tenki tupu. Pampu ikazunguka kavu mpaka sili yake, ile inayozuia maji kuvuja, ikaungua.

Fundi aliyenifungia, kwenye simu: "Bosi, hiyo kompyuta ukiishikashika ndiyo unaiharibu."

Kompyuta gani! Ukipima nyaya mbili za valvu wakati wa kumwagilia unapata kama volti 24, na dakika 10 zikiisha hakuna kitu. Kontrola ilishazima zamani. Kosa liko ndani ya valvu. Funga maji, legeza skrubu za kifuniko, toa kiwambo cha mpira. Kuna kitundu chembamba kinachopitisha maji juu ya kiwambo ili presha ikisukume chini, valvu ifunge. Kikiziba haifungi ng'o, hata mtaa mzima ukikatika umeme. Changu kilizibwa na chenga nyeupe za bomba la plastiki. Zake mwenyewe! Alikata kwa msumeno wa chuma, hakukwangua ncha, akapaka gundi, akaunga, akaenda zake. Bomba hufunguliwa maji kwanza, yatoke mpaka yawe meupe, ndipo unaunganisha valvu na springla. Filta ya meshi 120, yaani chujio laini, kabla ya valvu hakuweka kabisa.

Na pampu akaiacha kwenye swichi ya presha peke yake, ile inayoiwasha presha ikishuka. Kontrola ina njia ya kuwasha pampu, ila inatoa volti 24 tu, kwa hiyo lazima ipite kwenye rilei, swichi inayotumia umeme mdogo kuwasha mkubwa. Ingewekwa rilei, hata valvu ikikwama pampu ingezima na kontrola. Swichi ya boya ndani ya tenki, inayozima pampu maji yakiisha, ingeokoa ile sili. (Wanaosema toa pampu, tegemea mnara: mita 3 za urefu ni bar 0.3, springla hizi zinataka kama 2.)

Nilikuwa naandika "msinunue". Nafuta. Baada ya kusafisha kiwambo na kuweka filta, majuma kadhaa sasa haijakosea, na ukoka umeshika hadi ile kona kavu karibu na ukuta. Kontrola ikigoma unazungusha koili ya valvu, ile inayoingiwa na nyaya, robo mzunguko, maji yanapita, ukiirudisha, inafunga. Kontrola iwekeeni tu betri, la sivyo umeme ukikatika inasahau saa na kumwagilia jua la mchana. Kifaa ni kizuri, tatizo lilikuwa mkono uliokifunga.

Lakini juzi nimefukua maungio ya nyaya pale kwenye valvu. Tepu nyeusi! Ndani ya udongo unaomwagiliwa kila siku! Si viungio vyenye grisi, tepu, na shaba tayari ina kutu ya kijani. Nafuta nilichofuta.