Shiti za butili na tepu ya kitambaa kwa kelele za milango ya gari: kipi kinafanya kazi gani

Wakuu nimemaliza milango yote minne na nimeshaendesha vya kutosha, lami nzuri na barabara mbovu, basi nawapa ripoti ya hizi shiti za butili, ile raba nyeusi inayonata yenye foili ya alumini juu, unene kama milimita 2 hivi, pamoja na tepu ya kitambaa, ile nyeusi yenye manyoya manyoya ambayo mafundi umeme wanafungia waya za dashibodi.

Watu wengi wananunua shiti wakijua ndio dawa ya kila kelele ya mlango. Sio kweli. Shiti inatuliza bati, yani kabla ukigonga bati la nje kwa kidole linalia kama debe tupu, ukishabandika linatoa "dup" fupi basi, sababu ile butili inavutwa vutwa kati ya bati na foili na mtetemo unageuka joto kidogo unaishia humo humo. Hapo naipa alama zote. Na wala hufuniki bati zima, robo tu ya eneo, hasa katikati pale linapocheza zaidi, mlio unabadilika kabisa. Hata besi ya spika za mlango imeshika, mwanzo ilikuwa inavuma tu.

Sasa ule mlio wa zzzzz wa plastiki, huo shiti haikuugusa. Uliondoka na tepu. Nyuma ya paneli, ile plastiki ya ndani ya mlango, kuna waya, soketi, na zile fito nyembamba za chuma zinazotoka kwenye kitasa kwenda kwenye loki, na chochote kinachogusana na plastiki au bati kikipata besi lazima kilie. Mimi nilipiga mlio wa majaribio kwenye redio, unaanzia hezi 30 unapanda taratibu mpaka 200, huku nakandamiza paneli kwa kiganja sehemu moja moja, pale mlio unapokata ndio penyewe. Mlango wa dereva ulikata chini karibu na mfuko wa chupa, kufungua nakuta soketi ya swichi ya kioo inaning'inia na kwenye plastiki kuna alama nyeupe ya mkwaruzo pale inapogonga. Nikaizungushia tepu nikaifunga na waya zake, kimya mpaka leo.

Klipu nazo, vile vishikizo vya paneli, msizidharau, ukitoa paneli ya gari la zamani nyingi zinakatika au zinalegea, nunua mpya kabla hujaanza maana klipu iliyolegea inakurudishia kelele ile ile uliyotoka kuitibu.

Kinachonikera kwenye hizi shiti ni maelezo ya pakiti, hayataji kabisa vile vitundu vya chini ya mlango. Maji ya mvua yanaingia kupitia raba ya kioo na yanatokea hapo chini, ukiviziba mlango unaoza kutokea ndani. Ile nailoni nyuma ya paneli pia irudishe nzima, ikichanika maji yanaingia kwenye kapeti. Na kuna magari yana sensa ya presha ya eabegi ndani ya mlango, hayo usizibe matundu makubwa ya bati la ndani bila kusoma kitabu cha gari. Halafu foili inakata vidole kweli kweli, vaa glavu, futa bati kwa spiriti mpaka liwe safi, kama kuna baridi ipashe shiti kwa draya ya nywele ndipo ukandamize kwa rola.

Zile shiti za lami za bei rahisi mimi sizipendekezi, gari likikaa juani zinalainika, zinanuka na zinaweza kubanduka.

Na kama kelele yako ni mluzi wa upepo ukiwa spidi kubwa, usinunue chochote kati ya hivi, kagua raba za mlango kwanza.